Wifi Yangu, Aliyezisoma Dawa Kabla Hatujazimeza

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake na nyote mliokuja kumsindikiza: poleni kwa msiba, na poleni kwa jua hili. Wasifu huu ulikuwa usomwe na mmoja wa wadogo zake wawili. Wamejaribu kuuandika, kila mmoja akafika kwenye tarehe ya kuzaliwa akaweka kalamu chini. Basi wamenisukumia mimi, wifi mtu, mke wa huyu wa pili, eti kwa kuwa nina mdomo. Mdomo ninao. Lakini mnivumilie, maana mengine nitakayosema ni machungu, na marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa kumpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa.

KUZALIWA

Marehemu alizaliwa tarehe 7 Agosti 1968 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa kwanza wa fundi wa taa za reli na mshonaji wa nguo. Walikaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, safu ya mwisho, chumba na ukumbi, mahali ambapo treni ya mizigo ikipita vikombe vinagongana kabatini. Baada yake walizaliwa wavulana wawili. Kwa kuwa mama alikuwa kwenye cherehani kutwa, malezi yalimwangukia dada. Mume wangu anaapa kwamba mama yake hakuwahi kumchapa hata siku moja, ila dada yake alimchapa mpaka akafika darasa la sita.

Jina lake la utani lilianzia huko. Siku moja mdogo wake alikuja mbio, pumzi juu, akasema jirani wa mlango wa tatu ameiba makaa ya reli. Watoto wengine wangetoka kupiga yowe. Yeye alimshika bega akamuuliza, "Umeona au umeambiwa?" Mtoto akasema ameambiwa. "Na aliyekuambia, yeye aliona?" Mtoto hakujua, akarudishwa akaulize. Ilikuja kujulikana kwamba makaa yalikuwa ya jirani mwenyewe, kayanunua mchana kweupe. Tangu hapo safu nzima ikamwita Bi Umeona, na humu ndani wamo mashangazi ambao jina lake la cheti wamelijua leo asubuhi, walipokabidhiwa ratiba ya mazishi.

MASOMO

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia 1975 hadi 1981, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1992 akahitimu shahada ya famasia. Lakini famasia haikuwa chaguo lake la kwanza. Alitaka uuguzi. Walipopelekwa kutembelea wodi kwa mara ya kwanza alianguka kabla hajafika kitanda cha kwanza, ikabidi mgonjwa ashuke ampishe. Muuguzi mkuu akamwambia, "Binti, wewe moyo wako ni mzuri, lakini tafuta kazi isiyo na damu." Hadithi hii alikuwa akiisimulia mwenyewe, na kila akiisimulia yule mgonjwa anazidi kuwa mahututi.

NDOA

Najua utaratibu unataka kazi itangulie, lakini ndoa yake ilianzia dirishani kwenye duka la dawa la hospitali ya mkoa, alikofanya kazi baada ya chuo. Mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani aliandikiwa vidonge vya siku saba, mara tatu kwa siku. Jioni akarudi dirishani na pakiti mkononi: "Dada, saba mara tatu ni ishirini na moja. Hapa ni ishirini." Marehemu alihesabu, akahesabu tena, akampa kidonge chake. Mwalimu akaendelea kurudi dirishani pale hata alipokuwa hana homa. Walifunga ndoa tarehe 2 Desemba 2000, na tarehe 11 Juni 2003 Mungu akawapa binti, ambaye ndiye mtoto wao wa pekee.

Mimi niliolewa katika ukoo huu mwaka 2004. Nilikuja nimejifunga kibwebwe, maana habari za mawifi nilikuwa nimezisikia. Nilijiandaa kwa maneno ya jikoni, kwa kupekuliwa kabati, kwa kuulizwa mbona ndugu yetu amekonda. Nikakuta mwanamke amekaa sebuleni anasoma karatasi za dawa, akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Karibu. Huyu akikusumbua niambie, namjua tangu hajaota meno." Miaka ishirini hakuwahi kunivunjia heshima. Ila ukimpelekea umbea ilikuwa taabu tupu, atakuuliza Umeona mpaka umbea wenyewe uishe ladha.

KAZI

Tarehe 1 Julai 1998 aliajiriwa na mamlaka ya dawa ya taifa, kitengo cha tathmini ya dawa mpya. Kwa wasiojua, kazi ilikuwa hivi. Dawa mpya hairuhusiwi kuuzwa nchini mpaka mamlaka iipitishe. Kiwanda kinaleta jalada, yaani masanduku na masanduku ya karatasi: dawa imetengenezwaje, imejaribiwa kwa nani, wangapi walipata nafuu, wangapi walidhurika, wangapi walikufa. Lazima mtu akae chini asome. Si muhtasari ambao kiwanda kimejiandikia chenyewe, bali mgonjwa mmoja mmoja, kipimo kimoja kimoja. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya tatu, mwisho wa korido, meza moja ndefu, viti saba na feni inayolia. Jalada moja lilichukua karibu mwaka, na mengine yalipangwa ukutani mpaka kwenye dari yakisubiri zamu.

Mwaka 2008 mama yake mzazi, mama mkwe wangu, alianza kuvimba miguu. Moyo. Daktari akasema kuna kidonge kipya, wenzetu ng'ambo wanakimeza huu mwaka wa pili, lakini hapa bado. Marehemu alijua kiko wapi. Kilikuwa ukutani mwake, sanduku la tatu kutoka chini, na kila asubuhi alilipita akienda kwenye kiti chake. Hakulivuta mbele, kwa sababu masanduku yaliyolitangulia nayo yalikuwa na mama wa watu. Mama alifariki tarehe 19 Januari 2009. Zamu ya jalada lile ilipofika, alilisoma yeye. Dawa ilikuwa nzuri kabisa. Aliipitisha, kisha akaingia chooni akajifungia humo mpaka wenzake wakaja kugonga mlango.

Alipotoka humo alikuwa mtu mwingine. Alianza kupigania utaratibu mpya: dawa ikishapitishwa na mamlaka kubwa za ng'ambo, zenye wasomaji mamia kwa mamia, sisi tusianze upya. Tuchukue ripoti yao, tuhakikishe kwamba dawa tunayoletewa ndiyo ile ile waliyoisoma wao, kutoka kiwanda kile kile, na kwamba itastahimili joto letu, basi, tuipitishe. Alibishana miaka miwili. Waliompinga walimwambia anaiuza nchi, naye akawajibu kwamba nchi inazikwa. Mwaka 2012 utaratibu ukakubaliwa.

Niseme la haki: watu walipona. Ukuta ule ulipungua masanduku mwaka hata mwaka. Mtoto wa mdogo wangu, aliyekuwa akianguka kifafa mara tatu kwa wiki, yuko chuo leo hii kwa dawa iliyopita njia hiyo. Marehemu alistahili shukrani kwa kazi hiyo, na kama hamkumpa akiwa hai, mpeni sasa.

Lakini ofisi ni ofisi. Kitu kikirahisishwa, wakubwa wanaona waliokuwa wakikifanya hawana kazi. Msomaji mmoja akastaafu, asiajiriwe mwingine. Wawili wakachukuliwa na viwanda. Mmoja akahamishiwa uhasibu, jamani, mtu aliyesomea sumu! Meza ndefu ikapelekwa ukumbi wa mikutano, na chumba kikawa stoo ya viti vya plastiki na mahema. Jalada likiletwa, swali lilikuwa moja tu ofisi nzima, kuanzia mapokezi mpaka juu: "Wenzetu wamesemaje?" Wenzetu wakisema ndiyo, ndiyo. Wakisema bado, bado.

Marehemu aliomba wasomaji wachache wabakizwe. Mkurugenzi wa wakati huo alimjibu mbele ya mkutano, "Bi Umeona, jirani akishapika akakugawia, wewe unawasha moto wa nini?" Mkutano ukacheka. Yeye akasema, "Ili siku jirani akisafiri, watoto wangu wasilale na njaa." Wakacheka tena, wakaendelea na ajenda. Mkurugenzi huyo sasa amestaafu, na ametuheshimu kwa kuja. Karibu sana, mzee wetu.

KUUGUA

Oktoba 2022 alianza kulalamika maumivu chini ya mbavu, upande wa kulia. Akayaita gesi. Yeye, mfamasia! Nilimwambia, "Wifi, gesi gani inakupunguza uzito?" Tarehe 21 Novemba majibu yakatoka: saratani ya ini, na mahali ilipokaa haikufaa kupasuliwa. Alipewa dawa zilizopo, zikamsogeza miezi kumi. Septemba 2023 daktari wake alitukalisha chini akasema hazifanyi kazi tena.

Daktari huyo huyo ndiye aliyetaja kidonge kipya. Kilikuwa kimejaribiwa katika hospitali za nchi kama yetu, kwa sababu saratani hii kwetu ni tele na kwa wenzetu ni ya kutafuta kwa tochi. Baadhi ya wagonjwa uvimbe wao ulikuwa umenywea. Binti yake aliruka pale pale kwenye kiti. Marehemu hakuruka. Alijua jalada lile liko wapi.

Lilikuwa ofisini kwake tangu Aprili. Kiwanda kilikuwa kimelipeleka pia kwenye mamlaka moja kubwa ya ng'ambo, kisha kikaliondoa kabla halijaamuliwa, kikasema ni sababu za kibiashara. Labda ilikuwa kweli, wagonjwa wa kule ni wachache mno. Labda wenzetu walianza kuuliza maswali mabaya. Nani angejua? Ofisi nzima iliuliza Wenzetu wamesemaje, na kwa mara ya kwanza jibu likawa kwamba wenzetu hawajasema kitu na hawatasema. Ilibidi mtu asome. Na ndani ya jengo lile zima, mtu aliyebaki ambaye angeweza kukaa na jalada kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho akajua ukweli wake, alikuwa mmoja. Alikuwa likizo ya ugonjwa, kwa ugonjwa huo huo.

Kamati ya kupitisha dawa ikamwita. Tarehe 2 Oktoba alikwenda, amejifunika sweta kwenye joto, Mwalimu amemshika mkono. Mkurugenzi wa sasa, mama mwenye utu, alimwambia, "Dada, tusaidie. Hatuna mwingine." Marehemu akasimama akasema, "Mimi ni mgonjwa ninayeisubiri dawa hiyo. Siwezi kuwa hakimu wa kesi yangu mwenyewe. Naomba iandikwe hivyo, na naomba kutoka." Akatoka, akakaa kwenye benchi la korido. Mwalimu anasema aliketi pale amejikunja ndani ya sweta, na alipomuuliza kama anaumwa alisema, "Hapana. Nimeogopa."

Kamati ilibaki na mawili: kulirudisha jalada lisubiri wenzetu, maana yake lisubiri milele, au kulisoma. Wakateua wawili. Mmoja ni mfamasia, mwanamke wa makamo, aliyekuwa akikagua maduka ya dawa. Mwingine ni mtakwimu, ambaye kazi yake hadi siku ile ilikuwa kupiga hesabu za mahudhurio ya wafanyakazi. Wote wawili walikuwa hawajawahi kusoma jalada zima maishani mwao. Wakaja nyumbani kumwomba awafundishe.

Alikubali kwa sharti moja. Jalada lile jipya lisivuke kizingiti cha nyumba yake, wala wasimtajie neno lake hata moja. Angewafundishia jalada la zamani, la dawa iliyoamuliwa miaka mingi iliyopita. Wakalichimbua kule stoo chini ya mahema, wakalileta likiwa na vumbi la kumpalia mtu. Kila Jumanne na Ijumaa sebule ikawa darasa. Yeye kwenye kochi na mto mgongoni, wao chini kwenye mkeka, karatasi zimetapakaa mpaka mlangoni. Nilimsikia akiwaambia, "Mkimwona mgonjwa kaandikwa ameacha dawa mwenyewe, msimpite. Mtafuteni. Mtu mwenye saratani haachi dawa kwa kuchoka tu." Alikuwa mkali. Mtakwimu alikosea mahali fulani, akamfanyisha kazi yote upya, mtu mzima na ndevu zake.

Mimi nilikuwa nikiwapa chai huku nawalaani moyoni kwa uzito wao. Siku moja walipoondoka nilishindwa kujizuia. Nikamwambia, "Wifi, wadokeze basi. Waambie tu wapite wapi, wamalize."

"Nikiwadokeza watakuwa wameambiwa."

"Kwani wewe hutaki kupona?"

Aliweka kikombe chini. Macho yake yalikuwa yameshaanza kuwa ya njano. "Naitaka dawa hiyo kuliko unavyojua," alisema. "Usiku naota nameza, na asubuhi naamka na ladha yake mdomoni. Ndiyo maana sitakiwi kuigusa." Nikaondoa vyombo.

Mwezi Januari, Mwalimu naye uvumilivu ulimwisha. Mtu huyu, tangu nimfahamu, hajawahi kuomba hata chumvi kwa jirani. Aliwasubiri wale wawili getini. Nilikuwa naanua nguo, nikasikia yote. "Nawaomba," aliwaambia. "Nawaomba kama baba wa mtoto mmoja. Pitisheni. Hata kama ni mbaya, yeye si anakufa hata hivyo?" Mtakwimu aliangalia viatu vyake. Yule mfamasia akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, haitamezwa na mama peke yake. Kliniki kuna watu ambao bado wana miaka ya kuishi." Mwalimu akawafungulia geti, wakapita, akabaki amelishika.

Kamati ilikaa Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024. Alasiri wale wawili wakaja wenyewe kutoa habari. Nilipowaona tu mlangoni, wamesimama kama watoto waliovunja sahani, nilijua.

Dawa ilikuwa imekataliwa. Katika hospitali moja ya majaribio walikuta wagonjwa kumi na wanne walioandikwa kwamba wameacha kwa hiari yao. Wakatazama vipimo vyao vya mwisho vya damu, vyote vilikuwa vinaporomoka. Wakafunga safari mpaka huko, wakawatafuta nyumba kwa nyumba. Kumi na mmoja walikuwa wameshazikwa. Ni kweli dawa ilipunguza uvimbe kwa baadhi ya watu, na hilo nalo limeandikwa kwenye ripoti. Lakini wale ambao ini lao lilikuwa limeshachoka, iliwamaliza upesi kuliko ugonjwa wenyewe, na hapakuwa na kipimo cha kutenganisha mapema nani ni wa upande upi.

Marehemu, amelala kitandani, alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Nani aliwaona kwanza hao kumi na wanne?"

"Mimi, mama," yule mfamasia alisema, machozi yakimchuruzika. "Nisamehe."

Marehemu aligeukia ukutani akalia, na hakulia kwa staha. Alilia kwa sauti, akisema, "Nilitaka kuishi, jamani, nilitaka kuishi," na binti yake akapanda kitandani akamkumbatia kwa nyuma. Nikawaambia wale wawili waondoke. Niliwaambia vibaya, na siwaombi radhi.

Siku ya pili yake aliomba aletewe ripoti. Uamuzi ulikuwa umeshatolewa, hapakuwa na kanuni ya kumzuia tena. Na hapa nitasema jambo ambalo kwa kawaida halisemwi kwenye wasifu. Hakuisoma ili awapongeze. Alikuwa anatafuta kosa. Kosa moja tu la maana lingelirudisha jalada mezani. Alilitafuta kwa kalamu na rula, na nguvu zikimwishia anampa Mwalimu ukurasa: "Piga hii upya." Mwalimu alizipiga hesabu zile zote, moja baada ya nyingine, yeye aliyekuwa akilitaka kosa kuliko hata mgonjwa. Sisi wengine tulitembea kwa vidole ndani ya nyumba. Siku ya nne alivua miwani akaiweka juu ya karatasi.

"Halipo," alisema.

"Soma tena," Mwalimu alimwambia.

"Nimesoma, mume wangu. Halipo."

Baada ya hapo aliacha kuulizia dawa. Aliomba dirisha liachwe wazi mchana, na alitaka binti yake amsomee magazeti, habari za mpira hasa, ingawa mpira wenyewe hakuujua.

KUFARIKI

Marehemu alifariki Ijumaa, tarehe 3 Mei 2024, saa mbili asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Binti yake alikuwa anamkanda miguu. Mwalimu alikuwa ametoka kununua maziwa, na akarudi nayo.

Tangu juzi watu wananivuta pembeni: je, angepewa ile dawa, angekuwa hai? Wengine wanaoniuliza ni wagonjwa wa kliniki ile ile, wako hapa, nawaona. Nitawajibu wote kwa pamoja. Sijui. Daktari wake hajui. Walioikataa hawajui. Huenda angekuwa miongoni mwa wale ambao uvimbe wao ulinywea, leo tungekuwa naye sebuleni ananiuliza umbea wangu umetoka wapi. Huenda tungemzika Machi. Nimelala na swali hilo nimeamka nalo, na hasira yangu haijaisha. Ninachokijua ni kwamba yeye aliisoma sababu, kwa macho yake, akiitafutia kila njia ya kuikataa, na akashindwa.

Ameacha mume, Mwalimu. Ameacha binti mmoja, anayesomea uhandisi. Ameacha wadogo wawili wa kiume, mawifi wawili, watoto sita wa wadogo zake waliomwita shangazi mkubwa, na mashangazi watatu wa upande wa reli.

Na kuna wengine wawili. Nilipoandika rasimu hii sikuwataja. Mwalimu aliisoma jana mchana mezani kwa kalamu nyekundu, kama anasahihisha mtihani. Alipofika hapa kwenye waliobaki alichora duara jekundu. Kisha akasema, "Hujawaandika wale." Nikamuuliza, "Wale waliotunyima dawa?" Akasema, "Wale aliowafundisha. Waandike na familia. Mimi sitawasalimia, nisilazimishwe. Lakini waandike."

Basi nawaandika. Ameacha wasomaji wawili wa dawa, mfamasia na mtakwimu, ambao sasa chumba cha ghorofa ya tatu ni chao, na majalada mengine yameshawafikia. Mstari huu niliuandika jana jioni, lakini nawajua. Saa hii ninaposoma, wamesimama nyuma kabisa, wameinamisha vichwa, wanasubiri tumalize ili waondoke bila kuonekana. Waliosimama karibu nao, wapisheni waje mbele. Kwenye mstari wa familia, baada ya mashangazi, kuna viti viwili ambavyo Mwalimu ameviweka kwa mikono yake na kuwakataza watoto wasivikalie. Ni vyenu. Njooni mkae.

Wifi yangu, pumzika sasa. Mungu akupokee kwa amani.